Sherehe Niliyoisikia Nikiwa Kisimani

Zamu yangu ya kuwaalika wenzangu nilikuwa nimeikwepa kwa ustadi mkubwa. Sisi ni kundi la marafiki, wengine tuko Newala, wengine Masasi. Wengi ni walimu kama mimi, na mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki. Kila likizo tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunakula, tunakunywa bia na kusemana mpaka jua linapozama. Zamu ilipoangukia kwangu mara ya kwanza, nilisema nina malaria. Ilipoangukia tena nikasema tunapaka rangi nyumba. Safari iliyofuata nikasema mke wangu amefiwa na shangazi yake. Mke wangu aliposikia kwamba nimemuua shangazi yake aliye hai, tena anayempigia simu kila Ijumaa, hakugomba. Alichukua simu yangu mezani, akaingia kwenye kundi letu, akaandika kwa niaba yangu: "Karibuni kwetu Newala, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Septemba. Pilau lipo na bia zipo."

Akanirudishia simu. "Sasa niue na mimi," akasema, "tuone kama watakuamini."

Wenzangu walidhani mimi ni bahili. Ubahili kidogo upo, sikatai, lakini sababu hasa ilikuwa woga. Kwenye sherehe za wenzangu mimi ndiye niliyekuwa mkosoaji mkuu. Nyama ikiwa ngumu, niliitolea hotuba. Mtu akinipa bia ya moto nilikuwa naishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa panya, nauliza kama hapa nyumbani bia huwa zinapikwa. Walicheka sana, nami nikaendelea. Sasa wote hao walikuwa wanakuja kwangu, na kila mmoja alikuwa na neno lake ameliweka akiba.

Kwa hiyo nilipanga mambo kama mtu anayesubiri ugeni wa waziri. Niliazima viti kanisani, nikaazima turubai kwa jirani anayefyatua matofali, nikaazima friji ya pili kutoka kwa mkuu wangu wa shule, ambaye naye alikuwa mwalikwa. Alhamisi nikateremka Masasi kununua bia, maana yule rafiki yangu wa vipuri anafahamiana na watu wa jumla kule, na ana pikapu. Tulipakia kreti, tukazifunika kwa mifuko mitupu ya saruji, tukaanza kuupanda mlima kurudi Newala huku rafiki yangu akiimba. Tulikuwa hatujamaliza kona za kupandia juu simu yangu ikalia. Ni mke wangu.

"Mama amefika," akasema.

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi huku? Mama yangu, kutoka Mkunya. Magoti yanamsumbua, anasema atakaa siku chache."

Nilimwashiria rafiki yangu aache kuimba. "Umemwambia kuna sherehe?"

"Nimemwambia kuna wageni wanakuja kula pilau."

"Na bia?"

"Bia ni zako. Utamwambia mwenyewe."

Hapa lazima nieleze mama mkwe wangu ni mtu wa namna gani. Ni mjane, mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo hajawahi kuhitaji kuipandisha. Ni Mwislamu asiyekosa swala. Binti yake alibatizwa tulipooana, na mama hakuwahi kulisema jambo hilo, wala kulisahau. Mimi mbele yake nilikuwa natazama chini. Shikamoo yangu niliitoa nikiwa nimepinda mgongo, kiti alichoinukia yeye sikukikalia, na tangu nioe hakuwahi kuona hata kifuniko cha bia katika nyumba yangu. Kwao Mkunya nilikuwa najulikana kama mkwe mtulivu anayependa chai.

Tulifika jioni jua bado lipo. Mama alikuwa barazani na binti yake, wanachambua mbaazi. Pikapu tuliizungusha kwa nyuma. Mpango wangu ulikuwa kreti zikae stoo, karibu na bafu. Kumbe mke wangu alikuwa ameshaifagia stoo na kutandika kitanda, mama asipate shida ya kutembea mbali usiku. Tukabaki tumesimama uani mimi na rafiki yangu, kila mmoja na kreti yake kifuani, tunatazamana.

"Banda la kuku," akanong'ona.

Tukazipanga kreti bandani, tukazifunika kwa makuti. Tulisahau jambo moja tu, kwamba ulikuwa muda wa kuku kuingia kulala. Kuku walifika mlangoni, wakachungulia, wakagoma. Wakajipanga nje ya banda lao wote na jogoo wao, wakaanza kupiga kelele kama wapangaji waliofungiwa nyumba.

Mama akasikia. "Mwalimu," akaita kutoka barazani, "kuku wako wameona nyoka?"

"Labda, mama."

"Si uchukue panga ukamuue?"

Nilichukua panga, nikaingia bandani nikiwa nimejikunja, nikapiga makuti kwa ubapa wa panga mara kadhaa. Chupa zikalia kling! kling! Nikakohoa kwa nguvu ili kuzifunika.

"Umempata?" mama akauliza.

"Amekimbia, mama."

"Mwenye kengele huyo," akasema kwa sauti yake ile ile ndogo, akaendelea na mbaazi. Nilijiambia hajaelewa kitu.

Ijumaa umeme ukakatika. Mafriji mawili yakabaki makabati. Nilizunguka mji mzima kutafuta barafu, nikakuta kila mwenye barafu ameshauza au imeshayeyuka. Wakazi wa Newala tunajisifu kwa ubaridi wa huku juu, lakini ubaridi huo ni wa Juni na Julai. Septemba, korosho zikianza kudondoka na mabibo yakinukia mashambani, jua la mchana halina tofauti na la Masasi. Nililala nikiwaza bia za moto na vidole vya wenzangu.

Jumamosi asubuhi mke wangu alienda sokoni kutafuta nazi na nyanya. Mama alikwenda kwa jirani kusalimia. Rafiki yangu wa vipuri, aliyelala Newala kwa ndugu yake, alifika mapema, akasimama uani, akatazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye kisima.

Kisima chetu si cha chemchemi. Huku juu ya uwanda ukichimba maji utachoka kabla hujayaona. Ni shimo la saruji lililochimbwa uani, maji ya mvua yanaingia kutoka kwenye mabati ya nyumba, na juu kina mlango mdogo wa chuma wa kuteremshia ndoo. Masika kinajaa, na mpaka Septemba maji yamebaki usawa wa kiuno, nasi tunayatumia kwa hesabu, kama dawa ya mgonjwa: ya kunywa, ya kupikia, basi. Maji ya bomba huja siku yanapojisikia.

"Tia mkono," rafiki yangu akasema. Nikateremsha ndoo, nikatia mkono. Yalikuwa baridi mpaka kwenye mfupa.

Hatukujadili sana. Tulitafuta mifuko ya wavu ya kuwekea vitunguu, tukaijaza chupa, tukaifunga kamba, tukaiteremsha kisimani mmoja mmoja taratibu kama watu wanaozika. Kamba tukazifunga kwenye ndoano ya ndani ya mlango. Kuku wakarudishiwa nyumba yao. Bia zimefichika na zinapoa kwa wakati mmoja! Rafiki yangu alinipa mkono, nami niliupokea kwa fahari. Mke wangu aliporudi na nazi zake na kuuliza bia ziko wapi, nilimwambia kwa kujiamini, "Ziko mahali pa baridi." Akanitazama kidogo, akaenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni lake.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba karatasi za chupa za bia hubandikwa kwa gundi, na gundi hiyo haipendi maji.

Ilipokaribia adhuhuri nilikuwa natundika turubai na rafiki yangu. Nilimwona mama anatoka na kopo lake la udhu, anafungua mlango wa kisima, anateremsha ndoo. Nilitaka kukimbia nimwambie mama pumzika nitakuchotea, lakini nilikuwa juu ya kiti, nimeshika kamba kwa meno. Akavuta ndoo, akamimina maji kwenye kopo, akatia mkono. Ulipotoka, mkono ulikuwa umebandikwa karatasi nyekundu yenye maandishi ya dhahabu.

Aliibandua, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza. Akateremsha ndoo tena. Ikaja na karatasi tatu.

"Mwalimu," akaita.

Nikateremka kwenye kiti. Rafiki yangu, mtu mzima mwenye duka, alikuwa ameshajificha nyuma ya banda la kuku.

"Naam, mama."

"Kisima chenu kinapukutisha majani."

Aliinama kwa shida kwa sababu ya magoti, akaiona kamba, akaishika, akaanza kuivuta. Nilikimbia kumsaidia, maana ni mzito mfuko ule na yeye ni mama yangu, na ndivyo nilivyojikuta navuta kwa mikono yangu mwenyewe ushahidi dhidi yangu. Mfuko ukatoka unachuruzika, umejaa chupa za bia zilizo uchi, hazina hata karatasi moja. Tukausimamisha katikati yetu.

"Nani kaziweka?" akauliza.

"Mimi, mama." Kisha, kwa sababu roho ilikuwa inauma, nikaongeza, "Na yule aliye nyuma ya kuku."

Nilijiandaa kusikia habari za pombe na dini na binti yake. Alianza kwa Kimakonde, haraka haraka, na mimi mtu wa Masasi niliambulia nusu tu. Halafu akavuta pumzi, akanihamishia kwenye Kiswahili ili nisikose kitu.

"Hizi chupa zimelala wapi kabla ya kuja hapa?"

"Ghalani, mama. Masasi."

"Ghalani kuna panya?"

"Wapo, nadhani."

"Na kabla ya ghalani? Hii chupa si inarudishwa inajazwa tena? Imekaa kwenye baa ngapi, chini ya meza ngapi, imewekwa kwenye midomo ya watu gani?" Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Bia ni zenu, mtajuana na Mungu. Maji ni ya nyumba nzima. Mimi nimezaliwa huku juu, Mwalimu. Nilikuwa nateremka bondeni na mama yangu jogoo hajawika, tunapanda na mitungi kichwani jua likiwa utosini. Siku moja nilijikwaa, mtungi ukavunjika nikiwa nimekaribia nyumbani. Mama yangu hakunipiga. Alikaa chini akalia. Leo mimi nisukutue kinywa kwa maji yaliyoosha mkojo wa panya wa Masasi?"

Nilisema jambo la kijinga. "Nitayamwaga yote, mama."

"Umwage?" Hapo ndipo niliposikia sauti yake ikipanda kwa mara ya kwanza. "Umwage maji Septemba?"

Akaketi juu ya kreti tupu na, kabla ya kwenda kwa jirani kuswali adhuhuri, akapanga kila kitu mwenyewe. Maji yote yatolewe, lakini pasimwagwe hata kikombe. Jirani wa matofali aitwe na mapipa yake, na kila mwenye nguo za kufua aje na ndoo. Kisima kikishakauka, kisuguliwe kwa majivu na brashi. Na kabla jua halijazama kiwe na maji safi ya kuanzia.

"Ya kutoka wapi, mama?" nikauliza.

"Si una wageni? Wanakuja mikono mitupu?"

Basi nikaandika kwenye kundi letu kwamba kila mgeni anaombwa kuja na dumu la maji safi. Majibu yalikuja mfululizo. Mmoja aliuliza kama hicho ni kiingilio kipya. Mwingine alisema bahili ameshinda, sasa anatuuzia bia kwa maji. Mkuu wa shule akaandika tu, "Dumu la lita ngapi?" maana yeye ni mtu wa utaratibu.

Habari kwamba kwa mwalimu maji yanatolewa bure zilienea mtaani haraka kuliko moto. Mke wangu aliporudi na gauni lake alikuta mstari wa majirani wenye ndoo kuanzia kisimani mpaka barabarani, na mapipa yanabingirishwa. Akaingia mbio.

"Kuna nini? Nani anaungua?"

"Mumeo," mama yake akamjibu.

Aliposimuliwa, aliingia ndani, akafunga mlango wa chumbani, na kupitia dirishani tukamsikia anacheka, anatulia, anaanza upya.

Kisima kilipobaki na tope la chini, ikatakiwa mtu wa kuingia kusugua. Rafiki yangu wa vipuri alijitolea kwa aibu ya kule nyuma ya banda. Alipitisha miguu, akapitisha mapaja, tumbo likakataa. Alibaki ananing'inia pale mlangoni, nusu yake duniani na nusu shimoni.

"Mtoeni huyo," mama akasema, "kabla hajawa kizibo."

Tukamvuta. Nikabaki mimi. Nikavua shati jipya nililonunuliwa kwa ajili ya sherehe, nikaingia na brashi, ndoo ya majivu na tochi ya simu, nikateremka kwa ngazi ya jirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba wageni wangu walipofika mimi sikuwepo juu ya ardhi. Nilikuwa nasugua ukuta, tope kwenye vifundo vya miguu, na kila neno lililosemwa uani liliniangukia kichwani likiwa kubwa mara mbili. Nilisikia bodaboda ya mkuu wa shule. Nilisikia anavyohema, halafu sauti yake: "Shikamoo mama. Hili dumu niliweke wapi?" Baadaye niliambiwa alikuwa amevaa suti, amelipakata dumu mapajani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Marahaba mwanangu. Yamimine kwenye pipa lile safi. Umeyachuja?"

"Nimeyachemsha, mama."

"Huyu ndiye mwalimu," mama akasema, na mwangwi ukanipigia neno hilo ukutani.

Waliendelea kufika, kila mmoja na dumu lake. Mmoja alileta katoni ya maji ya dukani, mama akaiweka kando, akasema hayo ni ya wagonjwa. Bia zikafunguliwa, nikazisikia zikitoa pumzi moja moja. Kwa kuwa chupa zilikuwa hazina karatasi, hakuna aliyejua anakunywa aina gani, na watu ambao kwa miaka wameapa kwamba hawawezi kunywa ila ya kwao, wakawa wanabahatisha na kusifu. "Baridi safi!" nikasikia. "Hii imepoa kweli kweli!" Kilio changu cha siku zote, bia baridi, kilikuwa kimetimia, nami nipo shimoni na brashi.

Mtu mmoja akanikumbuka. Nikaona juu kwenye mwanga chupa inateremshwa kwa kamba, inazunguka taratibu. Ikasimama njiani.

"Hiyo inakwenda wapi?" Sauti ya mama.

Mkuu wa shule, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata mbele ya wakaguzi, akasema, "Ni dawa ya mwalimu, mama. Ya kifua. Kule chini kuna ubaridi."

Mama akafikiri. "Ifuteni kwanza," akasema. "Asiniletee panya humo ndani tena."

Ikavutwa, ikafutwa, ikateremka. Niliinywa nikiwa nimegeukia ukuta, ingawa aliyekuwa juu asingeweza kuniona.

Pilau likapakuliwa na watu wakahamia chini ya turubai. Wale majirani waliokuja kuchota maji nao hawakuondoka, na kwa idadi ile chakula kisingetosha, ila mama alikuwa ameshatuma unga wa muhogo uletwe na kisamvu kitwangwe. Niliwasikia wakila. Halafu nikaona ukingo wa kanga pale mlangoni na miguu miwili iliyochoka. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kando ya shimo.

"Mwalimu. Upo?"

"Nipo, mama. Niende wapi?"

"Baba yake mkeo alikuwa anakunywa uraka," akasema. "Msimu kama huu, mabibo yakiiva na kukamuliwa pombe. Alikuwa anauficha mtungi wake shambani kwenye kichaka. Miaka yote anauficha. Mimi naenda kuokota kuni pale, nauona. Naufunika vizuri nzi wasiingie, narudi zangu nyumbani. Akirudi ananiambia alikuwa kwenye kikao. Namwambia pole na kikao."

Nilicheka, na kisima kikacheka pamoja nami. Naye akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka karibu yangu. Pale juu, uso kwa uso, mimi na yeye tusingezungumza hivyo hata kwa mwaka. Lakini mimi nilikuwa gizani na yeye kwenye jua, hakuna anayemwona mwenzake, na heshima yetu ilikuwa haijavunjika.

"Kwa hiyo Alhamisi, mama, yule nyoka..."

"Nyoka wa kling kling? Nilikuwa nasubiri uniambie ulikuwa kwenye kikao."

Niliendelea kusugua. Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ndogo zaidi.

"Sasa hakuna wa kunificha kitu. Yule mdogo wa mkeo naye kaolewa, kaenda Tandahimba. Asubuhi naweka kikombe mezani, jioni nakikuta pale pale. Hakuna aliyekisogeza. Naongea na mbuzi."

"Na magoti, mama?"

"Magoti yananiuma tangu mkeo yuko darasa la tatu. Magoti si habari."

Brashi ikasimama mkononi. Nilitazama juu, kwenye kile kipande cha kanga. Siku chache zote zile, na ziara zote za kabla yake, hatukuwa tumemuuliza kitu zaidi ya magoti.

"Mama," nikasema, "hapa kwetu hakuna kitu kinachokaa mahali pake."

"Nimeona. Hata bia ziko kisimani."

"Kaa, basi. Usirudi."

Nilisikia watu wanacheka chini ya turubai na mke wangu akimwambia mtu aongeze ugali.

"Stoo ni ndogo," mama akasema hatimaye.

"Tutabomoa ukuta, tuunganishe na kile chumba cha pembeni."

"Wewe fundi?"

"Jirani ana matofali."

"Kona ile ya kushoto bado," akasema, akanyanyuka kwa mkono mmoja juu ya goti, na kivuli chake kikaondoka mlangoni.

Nilipotoka wenzangu walinipigia makofi kama mtoto aliyetoka jandoni. Nilikuwa na majivu mpaka kwenye kope. Wote walikuwa wameshakula, hotuba zimekwisha, na zile sifa zangu walizozisema nilikuwa nimezisikia kutoka chini, pamoja na zile walizosahau kwamba nasikia. Tulimimina kisimani yale maji safi ya wageni, watu wote wakiwa na bia mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, mkuu wa shule akiwa amekunja mikono ya suti. Halafu mama akachota ya kwanza, akatia udhu, akaingia ndani kuswali alasiri, na uani tukapunguza sauti ya redio ya pikapu bila kuambiwa mpaka alipotoka. Wageni wa Masasi waliondoka jua linashuka. Wote walikubaliana kwamba sherehe ilikuwa nzuri, na kwamba ilipendeza zaidi kwa sababu mwenyeji hakuwepo.

Kesho yake asubuhi nilimwambia mke wangu yale ya kikombe na mbuzi. Alikuwa anaosha masufuria. Aliliweka chini lile alilokuwa nalo, akajifuta mikono kwenye gauni, akaingia stoo kwa mama yake, akafunga mlango. Nilimaliza masufuria mwenyewe.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mkunya na pikapu ya rafiki yangu. Mama aligawa alivyotaka kugawa, mbuzi akamwachia dada wa marehemu mumewe, akafunga mlango na kumkabidhi ufunguo. Wanawake wa pale walitusindikiza mpaka barabarani wakimtania kwamba ameolewa tena uzeeni, naye akiwajibu kwa Kimakonde maneno ambayo mke wangu alikataa kunitafsiria. Nyuma tulipakia kitanda, masanduku, kuku kwenye tenga, na kinu chake kikubwa cha mti ambacho hakutaka kukiacha kwa mtu yeyote. Yeye alikaa mbele. Mke wangu na mimi tulikaa nyuma tumekikumbatia kinu kisibingirike.

Rafiki yangu, kwa kuzoea, akaanza kwenda mbio. Kupitia dirisha dogo la nyuma tukamsikia mama akimwambia apunguze mwendo, kinu si mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Akapunguza. Akaambiwa apunguze tena. Baiskeli zikatupita, watoto waliotoka kuokota mabibo wakatupita huku wakitupungia mkono, nasi tukaingia Newala mwendo ule ule, mke wangu akiwa ameegemeza kichwa kwenye kinu, amesinzia.